Chupa Yenye Kifuniko

Mwaka wa hamsini na tisa, siku mbili kabla ya Ramadhani, soko la mjini lilijaa watu wa vijiji vya Kiuyu na Shumba hata mguu hauna pa kukanyaga. Hapo ndipo mikono miwili ilipokutana juu ya chupa moja tupu ya jamu.

Mkono mmoja ulikuwa wa Mwanapili, fundi cherehani, buibui lake jipya likinukia udi. Wa pili ulikuwa wa Khatib, msaidizi wa hospitali, na kaptura yake nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka.

"Iache, mie nimeiona mwanzo," alisema Khatib. "Hii yaenda hospitali."

"Kwani inaumwa?"

Muuza chupa akaangua kicheko. Khatib akaeleza kuwa nyama zinazokatwa kwa wagonjwa hutiwa katika chupa zenye dawa, zikapelekwa Unguja kutazamwa kwa darubini, na chupa yenye kifuniko kinachofunga sawasawa ni adimu.

"Ebo! Na mie nilitaka kutilia achari ya ndimu. Basi chukua, nishakinai."

"La, chukua weye. Ila nionjeshe."

Alimwonjesha. Khatib akaonja wiki, akaonja mwezi, na kufika mfungo wa tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, tayari alishawatajia wazee wake jina la Mwanapili.

Kisha tumbo la Mwanapili likaanza kufura. Mnawajua majirani zetu! Walihesabu miezi kwa vidole, na macho yote kwa Khatib. Khatib, aliyejua hajamgusa, akampeleka mwenyewe kwa daktari. Haikuwa mimba. Lilikuwa donge, kubwa kama dafu. Daktari akalitoa na kuliacha tumbo la uzazi mahali pake.

Alipolipasua donge lenyewe, uso ulimbadilika.

"Madonge ya misuli ya tumbo la uzazi kwa kawaida huwa magumu, meupe," alimwambia Khatib. "Hili ni laini, na lina umanjano. Huenda ni yale yasiyodhuru, huenda ni saratani. Kwa macho yanafanana mno, darubini ndiyo itakayosema. Ikiwa saratani, tumbo la uzazi lazima litolewe upesi. Lipeleke Unguja kesho."

Khatib akatayarisha chupa. Kabla hajalitia, Bi Kazija, mama yake Mwanapili, akasimama mlangoni na kipande cha bafta, kitambaa cheupe cha sanda, mkononi.

"Khatib mwanangu, nipe kilichotoka kwa mwenzio nikakizike. Kucha twazika, nywele twazika, sembuse nyama ya mtoto wangu? Itupwe majaani?"

"Mama, hili..."

"Weye si mkwe wangu?"

Jamani, mtu na mama mkwe atasema nini? Aliona haya hata kuomba abakishiwe kipande. Akampa lote. Daktari alipouliza kama limekwenda, akajibu limekwenda. Mie nampenda Khatib, lakini siku hiyo alikuwa mpumbavu.

Wiki tatu Mwanapili alikwenda hospitali kuuliza jibu, daktari akimwambia Unguja bado hawajajibu, na kila akienda Khatib akajificha stoo. Mwanapili akapiga hesabu zake mwenyewe: mpenzi anayekimbia ameliona jibu, na jibu ni baya. Chakula kikamshinda, usingizi ukampaa. Mwisho akamfuma sokoni, palepale kwa muuza chupa.

"Niambie tu, Khatib. Ni saratani, siyo? Ndiyo maana hunitaki."

"Nakutaka kuliko roho yangu."

"Basi jibu liko wapi?"

"Hakuna jibu, Mwanapili. Donge nilimpa mama yako. Kalizika."

Mwanapili alimtazama kama asiyemjua.

"Umenizikia jibu langu," akasema, akalia mbele za watu.

Khatib akaenda kukiri kwa daktari, akafokewa hata wagonjwa wa wodini wakasikia. Bi Kazija akaambiwa. Alichukua jembe akafukua mwenyewe nyuma ya nyumba. Bafta ilitoka imeoza, na ndani yake udongo na wadudu. Daktari akatikisa kichwa. Yalibaki mawili tu: kulitoa tumbo la uzazi kwa hofu, au kuliacha na kupimwa kila miezi mitatu, miaka nenda miaka rudi.

Siku tatu Mwanapili hakumfungulia mtu mlango. Siku ya nne akamwita Khatib, naye akakaa barazani, kofia mkononi.

"Leo sikusamehe," alimwambia. "Lakini nimeamua tumbo langu lisikatwe. Pengine nakosea. Naogopa, Khatib, naogopa mno."

"Likikatwa nitakuoa, lisipokatwa nitakuoa. Tukipata watoto, tusipate."

"Si kwa kunionea huruma?"

"Huruma najionea mwenyewe. Weye nakutaka."

Mwanapili akaingia ndani, akatoka na ile chupa ya sokoni. Alikuwa ameiosha, lakini bado ikinukia ndimu.

"Basi walete wazee wako Ijumaa. Na hii ikae kwenye rafu yako hospitali. Likirudi donge, ulitie humu. Mama akija na bafta yake, mwambie mkeo kakataza."

Khatib akaipokea kwa mikono miwili, akakaza kifuniko.