Mgeni wa Kitanda cha Mafunzo

Jumanne asubuhi Mwalimu Mwanawema alifungua chumba cha mafunzo akakuta kitanda kimelaliwa.

Jana yake alikikagua mwenyewe, shuka limekaza, halina hata kikunjo kimoja. Ufunguo alilala nao kwake Tibirinzi. Sasa katikati ya godoro palikuwa na bonde la mwili wa mtu, mtu mrefu kuliko kitanda, maana kwenye ubao wa miguuni palikuwa na alama za nyayo mbili, mbichi. Aliinama akanusa. Tope la mikokoni, na kwa mbali, udi.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, vyumba vinne katika nyumba kongwe pembezoni mwa Chake Chake, na wasichana kumi na sita wakijifunza kazi za hoteli. Mkuu wa chuo, Mwalimu Nizar, alipoambiwa alicheka.

"Paka huyo, Bi Mwanawema."

"Paka mwenye nyayo za mtu?"

"Tandika upya, tafadhali. Ijumaa wanakuja watu wa hoteli kuchagua wafanyakazi. Usije ukanitishia wanafunzi."

Akatandika. Jumatano kitanda kimelaliwa tena. Alhamisi vilevile, na safari hii shuka lilikuwa na uvuguvugu.

Hakumwambia mtu. Siku hiyo hiyo, jua likiwa utosini, Moza, msichana wa Wambaa aliyekuwa hodari kuliko wenzake na mwenye kicheko kisichokwisha, alikuwa akivisha mto foronya. Aliacha ghafla. Akapanda kitandani na viatu vyake, akalala chali, mikono ubavuni, macho wazi. Wenzake sita walimshika wamwinue, hakuinuka hata kidole.

"Mwanisumbua," ikasema sauti nzito ya kiume kinywani mwa Moza. "Mgeni hainuliwi kitandani."

Wasichana walikimbilia uani. Mwanawema alibaki.

"Nani weye?" alinong'ona.

"Leo ndo waniuliza? Ulonikaribisha ni weye."

Hapo akakumbuka: wiki iliyopita, mchana kama ule, mlango wa nyuma unaotazama mikokoni ukiwa wazi kwa ajili ya joto, aliwapanga wasichana mstari mbele ya kitanda kitupu akawafundisha kumpokea mgeni asiyekuwepo, mkono kifuani, karibu mgeni wetu, chumba hiki chako, kitanda hiki chako, na kwa kuwa sauti zao zilikuwa za haya aliwarudisha tena na tena, mpaka wakaitamka kwa moyo wote.

Alasiri Mwalimu Nizar, kicheko kimemkauka, alirudi na Bi Mwatum, mganga kutoka Kiuyu. Bi Mwatum alifukiza ubani, akasoma, akampulizia Moza usoni.

"Muache mtoto wa watu."

"Ntamuacha," ilijibu ile sauti, taratibu. "Lakini mgeni hatoki peke yake kama mwizi. Husindikizwa. Anisindikize alonialika."

Bi Mwatum alimvuta Mwanawema pembeni.

"Mwanangu, sikufichi. Kumtoa kwa nguvu naweza, ila mtoto huyu hatabaki na akili zake. Ukiridhia, nyoosha mkono wa kulia, utashikwa. Mpeleke mpaka mikokoni, umwachie, urudi. Usimtazame, wala usimsemeshe."

Mwanawema alimtazama Moza. Midomo ya msichana ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Ntakwenda," alisema.

Akanyoosha mkono, na vidole virefu, baridi, vilivyolowa, vikajifunga kwenye vyake, akatoka mlango wa nyuma macho yakiwa chini, akisikia kando yake hatua zinazozama topeni ilhali njia ilikuwa kavu, akisikia pumzi juu ya kichwa chake, juu kabisa, mahali ambapo kichwa cha mwanadamu hakifiki, akasoma Ayatul Kursiyyu akapotea katikati, akaanza upya, akapotea tena, mpaka mizizi ya kwanza ya mikoko ikamgusa miguu, naye akafungua vidole vyote vitano akageuka akakimbia.

Aliporudi, Moza alikuwa ameketi, analia, anaomba maji. Watu wa hoteli walipokuja walimchagua yeye wa kwanza.

Mwanawema hafundishi tena. Majirani wa Tibirinzi humwona akienda dukani, mkono wake wa kulia umenyooka kidogo pembeni, na kwenye uchochoro mwembamba husimama kwanza, kama anayempisha mtu. Jirani yake Asya alishindwa kuvumilia, akamuuliza.

"Shoga, mkono huo una nini?"

Mwanawema alimsogelea sikioni, akasema kwa sauti ya chini sana, ya mtu asiyetaka kusikiwa na aliye naye:

"Mie nilimwachia, Asya. Wallahi, nilimwachia."