Aliyeshika Simu ya Fundi

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, na wote waliokuwa ndani wakamgeukia mwalimu. Yeye ndiye aliyejibana mwisho na furushi lake la mitihani, basi lawama ikawa yake. Mama mmoja mnene akasonya. Kijana mwenye tai akaanza kubonyeza vitufe vyote, juu chini, juu chini, huku jasho likimtoka. Ilikuwa siku ya kukabidhi alama kwenye ofisi za elimu, jengo zima limefurika walimu, na kelele za huko nje ziliwafikia humo ndani kana kwamba watu wanasherehekea shida yao.

Sauti ya mwanamume ikatoka juu ya vichwa vyao.

"Habari zenu humo ndani?"

"Mbaya!" wakajibu kwa pamoja.

"Poleni sana. Naona nguo imebanwa mlangoni. Ya bluu. Mwenye nguo ajitaje, hafungwi."

Mwalimu akatazama chini. Pindo la gauni lake lilikuwa limeliwa na mlango.

"Ni yangu," akasema.

"Wewe nani, mama?"

"Mwalimu."

"Ticha, gauni hili unalipenda sana?"

"Kanishonea dada yangu."

"Basi dada tutamwomba radhi. Vuta!"

Akavuta. Gauni likachanika mpaka gotini, mlango ukajifunga vizuri, na lifti ikapanda taratibu mpaka ya tano. Hapo mlangoni alisimama mtu mrefu aliyevaa ovaroli, mikono imejaa grisi, anacheka kwa macho tu. Watu wakatoka mbio bila hata asante. Mwalimu akabaki ameshika pindo lake.

"Naomba namba yako," fundi akasema.

"Ya nini?"

"Nijue hali ya mgonjwa." Akaonyesha gauni kwa kidole.

Mwalimu alikuwa amechoka siku ile, amechoka mwaka ule mzima, na alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kufundisha watoto wasiotaka kusoma. Lakini alicheka. Namba akatoa.

Usinicheke nikisema mapenzi yalianzia hapo. Watu wazima wana kazi nyingi. Wakipata mahali pa kuanzia hawachagui. Yeye alimwita Fundi, naye akamwita Ticha, na majina yao waliyopewa na wazazi wakawaachia wazazi. Jumapili walikaa kibarazani kwa dada mtu, Fundi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kucha amezisugua mpaka zimekuwa nyekundu, na dada akipita na sinia anauliza, "Hili gauni nalo litachanwa lini?"

Tatizo lilikuwa simu.

Mafundi wa lifti hawaingii na simu shimoni, humo lifti inamopandia na kushukia. Ikikuponyoka inaweza kumpasua kichwa mwenzako aliye chini, na ikilia inakutoa akili. Kwa hiyo simu ya Fundi ilibaki juu, kwenye chumba cha mashine, kwa mzee aliyefanya naye kazi, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, ambaye kila mtu alimwita Breki. Mwalimu akipiga, anapokea Breki.

"Yuko shimoni, shemeji. Nimpe salamu gani?"

"Mwambie nimemkumbuka."

"Na yeye kakukumbuka."

"Kasema hivyo?"

"Hajasema. Lakini namjua."

Mwalimu alikuwa anacheka mpaka walimu wenzake wanageuka. Fundi naye akipanda juu kunywa maji anaambiwa, "Mpenzi wako anasema kula vizuri, na hizo ndevu unyoe." Ndevu zilikuwa maneno ya Breki mwenyewe. Wote wawili walijua kwamba Breki anaongeza chumvi, na wakaona raha. Jioni Fundi akirudi kwake yu hoi, Ticha ana madaftari mpaka usawa wa pua, nani ana nguvu ya kurudia yaliyokwisha kusemwa? Breki alishasema. Wakaachia hapo.

Hospitali kuu ikawapa kazi ya kubadilisha lifti zake zote, na haraka, kwa sababu wagonjwa walikuwa wanapandishwa ngazi kwa machela. Fundi akawa haonekani. Na Jumatatu ya wiki ya mwisho ya kazi hiyo, mwalimu akaitwa na mkuu wa shule.

"Hongera," mkuu akamwambia. "Uhamisho wako umekubaliwa. Unaenda kuwa mkuu wa idara."

Aliomba uhamisho huo zamani, kabla ya lifti, kabla ya Fundi, na akausahau. Mji wenyewe ulikuwa mbali, safari ya siku nzima. Alitakiwa kusaini au kukataa kufikia Ijumaa.

Akatoka nje, akasimama nyuma ya madarasa, akapiga.

"Yuko shimoni, shemeji."

"Mzee wangu, leo sina utani. Mwambie nimepewa uhamisho, mbali. Mwambie namuuliza: niende au nibaki? Anijibu hilo tu."

"Nitamwambia."

Habari ya Ijumaa mwalimu hakuitaja. Aliona kwamba mwanamume anayempenda hahitaji kupewa tarehe. Hapo alikosea, na tutamsamehe, kwa sababu nani hajawahi kumpima mtu bila kumwambia kwamba anapimwa?

Breki hakusema. Na wala hakusahau. Mafundi hao wana sheria yao nyingine, ambayo mwalimu hakuijua: mtu aliyening'inia shimoni hapewi habari inayomgusa, iwe njema, iwe mbaya. Breki alimwona kwa macho yake kijana aliyepigiwa ukelele kwamba mkewe kajifungua mapacha, akainua mikono yote miwili kushangilia. Yule kijana mpaka leo anatembelea fimbo. Basi Breki akajiambia, nitamwambia kazi ikiisha. Akimwambia leo jioni, kesho ataingia shimoni na mawazo ya mwanamke kichwani. Kazi inaisha Jumamosi. Siku chache hizi zina nini?

Jumatano jioni Fundi mwenyewe akapiga. Mwalimu akarukia simu.

"Ticha wangu."

"Fundi wangu. Nakusikiliza."

"Nimechoka, mama. Leo tumeshusha kamba ya zamani yote, mabega hayasikii. Unajua ile lifti ya wodi ya wazazi? Reli zake zimepinda tangu zilipowekwa."

"Enhe."

"Sijui nani alizifunga. Tumezinyoosha siku nzima."

"Na mengine?"

"Mengine yapi?"

Mwalimu akangoja. Aliisikia pumzi yake, nzito, ya mtu anayeshindana na usingizi. Akajisemea, sasa atasema. Sasa.

"Wewe vipi?" Fundi akauliza. "Mbona uko baridi?"

"Siko baridi. Huna la kuniambia?"

"La kukuambia? Nakupenda, nina njaa, na nina usingizi. Basi."

"Haya. Lala."

"Umenuna?"

"Lala, Fundi."

Akakata simu. Mwanamume kaulizwa niende au nibaki, yeye kajibu habari za reli. Kulikuwa na jibu gani tena la kungoja? Mwalimu alilala na nguo zake.

Kesho yake alifundisha tamthilia ya kale, ileile anayoifundisha kila mwaka, tanzia ambayo mwishoni jukwaa zima linajaa maiti. Bibi harusi anamtuma mjakazi wake kwa mpenziwe: asije usiku huu, kaka zangu wamemvizia. Mjakazi anamkuta yule bwana amelala, katoka safari ndefu, anatabasamu usingizini. Anamwonea huruma, anakaa kando kumngojea aamke, na yeye mwenyewe anapitiwa. Bwana anaamka, anampita palepale mlangoni, anaenda kuuawa. Mjakazi ana maneno machache mno katika kitabu kizima, wala hana jina.

"Sasa," mwalimu akawauliza wanafunzi, "mhusika msaidizi huyu ana nafasi gani katika msiba?"

Wakajibu kama alivyowafundisha wa mwaka jana na wa mwaka juzi: ndiye aliyewaua wote. Akaandika ubaoni, na chaki ikamvunjikia.

Jioni, dada yake akiwa anapima sketi ya mteja sakafuni, pini mdomoni, mwalimu alimhadithia somo hilo ili asihadithie lililokuwa linamuuma. Dada akatoa pini.

"Mjakazi wa watu mnamwonea bure."

"Mimi sijamwonea, kitabu ndicho kimesema. Alitumwa, hakufikisha."

"Na aliyemtuma alikuwa na ugonjwa wa miguu?"

"Dada, alikuwa binti wa mfalme."

"Jambo la kufa na kupona, wewe unatuma mtu? Nyinyi wasomi mna mambo." Akarudisha pini mdomoni, akaendelea na kazi, na hakuona kwamba mdogo wake amegeukia ukuta.

Neno lilimwingia, lakini kiburi kilikuwa kimetangulia. Ijumaa asubuhi akasaini. Mkuu wa shule akampa mkono, walimu wakampigia makofi, na mwalimu mwingine akachukua vipindi vyake siku hiyohiyo. Basi lake lilikuwa Jumatatu iliyofuata.

Jumamosi dada akamkuta anakunja nguo.

"Umemuaga?"

"Hakunijibu. Nimuage nani?"

"Nenda ukaachwe ana kwa ana," dada akasema. "Kuachwa kwa kukisia hakuishi. Utaenda nako huko, na mizigo yako yote hii."

Akavaa gauni la bluu, lililoshonwa pindo jipya, si kwa kumpendeza mtu bali kwa kuwa mengine yalikuwa yameshafungwa. Hospitali akapanda ngazi kwa miguu, akiwapisha wabeba machela kila kona, mpaka juu kabisa kwenye chumba cha mashine. Breki alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mbili shingoni. Alipomwona alisimama, uso umemchanua.

"Shemeji! Umekuja mwenyewe! Umekuja siku yake kabisa. Leo tunafunga kazi, na jioni hii namwambia."

"Unamwambia nini?"

"Si ile habari yako ya uhamisho."

Mwalimu akashika ukuta.

"Hukumwambia?"

"Aliye shimoni haambiwi, shemeji. Ndiyo kazi yetu. Nilimtunza, nilikutunzia." Tabasamu lake likaanza kuyumba. "Kwani... kulikuwa na haraka?"

Alitaka kumpiga. Kweli kabisa, mkono wake ulitaka. Alimtazama yule mzee na kofia yake ya sufu, aliyeibeba habari ile wiki nzima asimwangushe mwenzake, na hasira ikatafuta pa kutua ikakosa. Breki hakumkataza kupanda ngazi hizi Jumatatu. Hakuna mtu aliyemziba mdomo kwenye simu Jumatano asiulize mwenyewe. Aliogopa jibu, basi akamtuma mzee wa watu akalichukue kwa niaba yake, na alipolikosa akasema mapenzi ndiyo yamekosekana.

"Mwite atoke," akasema. "Usimwambie kitu. Nitasema mimi."

Fundi akatoka shimoni na taa kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Furaha ikampanda kwanza, kisha akauona uso wa Ticha.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kaa."

Wakakaa ngazini. Breki akajipeleka mbali, akasimama kwenye kona, kofia mkononi. Mwalimu akasema yote bila kupamba: uhamisho, swali, Jumatano, saini. Fundi alisikiliza akijifuta vidole kwa kitambaa, kidole kimojakimoja, na kitambaa kilipojaa grisi akaendelea kuvifuta vilevile.

"Wiki nzima," akasema mwishowe, "mimi nadhani umenichoka."

"Na mimi nadhani hunitaki."

"Si ungeniuliza?"

"Nakuuliza sasa."

"Umeshasaini, Ticha."

"Nimesaini. Nakuuliza hivyohivyo. Niende au nibaki?"

Hakufikiri hata kidogo.

"Baki."

Mwalimu akalia. Alilia palepale ngazini, na wabeba machela wakampita kwa heshima wakidhani amefiwa. Neno lenyewe lilikuwa fupi vile. Lingemgharimu kupanda ngazi mara moja tu.

"Jumatatu ile ungeniambia hivyo," akasema, "ningekataa mbele ya mkuu wa shule."

"Na sasa?"

"Sasa kuna mtu darasani kwangu. Naenda, mpenzi wangu."

"Huko kuna lifti?"

"Nyumba ndefu kuliko zote ina ghorofa moja."

Fundi akacheka, kicheko kilichokatikia njiani, akamlaza kichwa begani kwake, gauni la bluu likaingia grisi na hakuna aliyejali. Walikuwa wamechoka mno kuahidiana makubwa, na kila mmoja alijua hesabu ya siku za kazi na urefu wa safari ile.

"Nikimaliza hapa," Fundi akasema, "nitakutumia..."

Mwalimu akamwekea mkono mdomoni.

"Usinitumie kitu," akasema. "Usimtume mtu. Ukinitaka, njoo wewe."