Tangi la Manowari

Maji ya kwanza kutoka kwenye lile tangi yalinuka samaki na baruti.

Nangila aliyaonja, akayatema. "Baba Mitchelle, hii tangi uliosha?"

"Niliosha," Omolo akajibu bila kumtazama mkewe.

Omolo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Kiamunyi. Tangi alilitengeneza kwa mabamba aliyoyatoa Kisumu, mabaki ya manowari ya Waingereza ya enzi za Malkia Viktoria. Habari zake alizijua tangu utotoni. Ililetwa ziwani vipandevipande, ikaunganishwa, ikafungwa mzinga. Kijiji kilichokataa kutoa wapagazi kilipigwa mpaka mapaa yakawaka, na waliokimbilia majini wakafuatwa humo humo. Baadaye ilibeba pamba, ikazeeka, ikatupwa matopeni. Aliyeionyesha njia kati ya miamba alikuwa babu ya baba yake, Omolo wa kwanza. Hilo hakuwahi kumwambia mkewe.

Jumapili, walipotoka kanisani, walisikia kitu kikigonga ndani ya tangi, kisha sauti za wanawake zikauliza kwa Kijaluo cha kale: Omolo, mbona umewaleta Wazungu kwetu?

"Wanasema nini?" Nangila akanong'ona.

"Sijui."

Kesho yake akamuuzia tangi Jepkemei, mama mwenye kibanda cha chai Mai Mahiu.

"Haina shida, fundi?"

"Haina, mathe."

Wiki haikuisha Jepkemei akapiga simu, sauti chini. "Sally wangu anaongea Kijaluo. Hajawahi kufunzwa na mtu."

Omolo alifika mchana, malori yakinguruma barabarani, akamkuta mtoto amesimama kando ya tangi lililofungwa, nywele zikichuruzika maji, midomo imekuwa ya buluu, macho yakimtazama kama ya mtu mzima aliyemngoja miaka mingi, na kifuani mwake mkikoroma maji kila alipojaribu kuvuta pumzi.

Akapiga magoti. Akasema kwa Kijaluo, "Ni sisi tuliowaleta Wazungu. Huyu hahusiki. Mwachilieni, mnifuate mimi."

Sally akatapika maji ya ziwa, akamlilia mamake.

Jepkemei akamkumbatia. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Jepkemei aliingia ndani na mtoto, akafunga mlango.

Omolo akakodi pikapu ya dereva mmoja, Kipkirui, wakapakia tangi. Walipokaribia Naivasha, Kipkirui akatupa jicho kwenye kioo cha nyuma, akapunguza mwendo.

"Mzee, hao wamama umebeba huko nyuma, wanashukia wapi?"

Omolo hakugeuka.

"Kwangu," akasema.