Mtungi Kutoka Shamba la Mowlid

Basi lilikuwa limeshatoka Malindi, na Asli bado anapanga mzigo wake upya. Nazi aliziweka chini ya kiti. Ndizi akazipakata. Kati ya magoti alibana mtungi mweupe wa plastiki, wenye kifuniko cha buluu.

Binti yake Kaaha aliuona.

"Hooyo, huo mtungi umeutoa wapi?"

"Shambani kwa mjomba wako."

"Amekupa?"

"Ulikuwa umetupwa penye ua. Watu wa pwani wana mali mpaka wanatupa vyombo!"

"Umemwambia?"

Asli akatazama nje. "Nimwambie nini? Anicheke? Aseme dada yake ametoka Garissa kuja kuokota takataka?"

Mowlid ni ndugu mdogo wa Asli. Alihamia Malindi zamani. Ana nyumba mjini, na shamba la nyanya nje ya mji, karibu na mto. Asli, Kaaha na Idil, binti mdogo wa Kaaha, walikuwa wamekwenda kumtembelea. Kila siku walipikiwa samaki. Asli hapendi samaki, ila alikula kwa ajili ya heshima. Idil alichuma nyanya mpaka nguo ikawa nyekundu.

Huko shambani ndiko Asli alikouona mtungi. Mfugaji kama yeye akiona chombo chenye kifuniko kinachokaza, moyo hautulii. Maziwa mangapi yamemwagika njiani kwa vifuniko vibovu! Mtungi ulikuwa na karatasi ya maandishi. Asli hajui kusoma. Aliibandua karatasi, akausugua mtungi kwa mchanga na maji, akauficha kwenye mzigo.

"Unanuka," Kaaha alisema.

"Nitaufukiza. Harufu gani inashinda moshi?"

 Kila basi liliporuka, harufu ile ilimpanda Kaaha puani. Alimhamishia Idil upande wa dirisha. Alitaka kusema tena, akamtazama mama yake alivyoukumbatia mtungi kwa furaha. Akameza maneno. Njia ni ndefu, na yeye hakupata usingizi hata kidogo.

Kwao ni Galbet, mjini Garissa. Asubuhi iliyofuata Asli alileta vijiti vya mti wa kufukizia. Aliviwasha, akazima mwali, vikabaki kufuka. Akauinamisha mtungi juu yake mpaka moshi ukajaa ndani. Hivyo ndivyo mama yake alivyotengeneza vyombo vya maziwa. Maziwa ya chombo kilichofukizwa hayaharibiki upesi, na yana ladha nzuri. Hilo ni kweli kabisa.

Alinusa. Moshi mtupu.

"Umeona?" alimwambia Kaaha. "Wewe na wasiwasi wako."

Akamimina humo maziwa ya mbuzi, akautikisa mtungi. Halafu akamjazia Idil kikombe. Mtoto kwanza, ndiyo desturi yake.

Haukupita muda mrefu. Idil alianza kutokwa na mate, mengi, hayakatiki. Jasho likamtoka. Akatapika.

"Ayeyo," alimwambia bibi yake, "sikuoni vizuri."

Mikono yake ikaanza kutetemeka.

"Ni wale samaki wa Mowlid," Asli alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Akachukua kikombe. "Anywe maziwa zaidi. Yatamsafisha tumbo."

"Usimpe!" Kaaha alipiga kelele. Hakuwahi kumpigia mama yake kelele. Akakimbilia uani. "Ruweyda! Ruweyda, njoo!"

Ruweyda ni jirani. Ni mhudumu wa afya wa mtaa huo. Alifika na kiatu mguu mmoja, akamtazama mtoto machoni. Mboni zilikuwa zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Amekula nini?"

"Maziwa," Kaaha alisema. "Yalikuwa kwenye mtungi wa shambani."

"Shamba linalopigwa dawa ya wadudu?"

Kaaha alimtazama mama yake. Asli akakiweka kikombe chini.

"Hiyo ni sumu," Ruweyda alisema. "Mlazeni ubavu, asipaliwe na matapishi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe mwili kwa sabuni na maji. Funga mikono yako kwa mifuko ya plastiki kwanza, Kaaha, isikupate na wewe."

"Nimpe samli atapike yote?" Asli aliuliza.

"Hapana, Eddo," Ruweyda alisema, akimwita shangazi kwa heshima. "Usimtapishe. Usimpe samli wala maziwa. Mimi naita tuktuk. Tieni huo mtungi kwenye mfuko, tunakwenda nao."

Hospitalini daktari alianza kumtibu Idil papo hapo. Kisha akautazama mtungi.

"Karatasi yake iko wapi?"

"Niliibandua," Asli alisema.

"Namtibu kwa dalili ninazoziona. Lakini sumu hizi si za aina moja. Nikilijua jina nitafanya kazi nikiwa na hakika. Mwenye shamba ni nani?"

Kaaha alimpa mama yake simu. Asli aliishika kama kaa la moto. Mowlid alikuwa ndugu yake mdogo. Alimbeba mgongoni enzi za ukame. Sasa amwambie ameiba takataka zake?

Kutoka chumbani Idil alilia, kilio chembamba. Asli akapiga. Simu haikushika. Akapiga tena.

"Abaayo!" Mowlid alipokea akicheka. "Dada yangu umenisahau! Mmefika hata hampigi simu?"

"Mowlid. Nilichukua mtungi wako bila ruhusa."

"Mtungi gani? Chukua hata kumi!"

"Ule mweupe. Kifuniko cha buluu. Niliutia maziwa."

Kicheko kikakatika.

"Nani amekunywa?"

"Idil."

Walisikia akikimbia. Walisikia mlango wa stoo. Kulikuwa na mtungi mwingine kama ule, umejaa, na karatasi yake. Daktari akachukua simu, na Mowlid akamsomea jina, herufi moja moja, huku anahema.

Walingoja kwenye benchi. Asli alishika tasbihi lakini vidole havikusogea.

"Niliusugua," alisema. "Niliufukiza."

Ruweyda alikuwa amekaa karibu naye. "Eddo, unaukumbuka mpini wake? Ndani ni mtupu kama bomba. Dawa inabaki humo, mchanga haufiki. Na plastiki yenyewe inainywa. Moshi uliondoa harufu tu. Sumu ilibaki palepale."

"Kwa hiyo ningefanya nini?"

"Ungeuacha. Chombo cha dawa ya shamba hakiwi chombo cha chakula wala maji, hata ukikiosha mwaka mzima. Mkulima akimaliza dawa, asuuze mtungi mara tatu, na maji yale ayatie kwenye pampu ya kunyunyizia. Asiyamwage mtoni. Kisha autoboe, usimfae mtu yeyote, aufungie ndani mpaka awape wanaokusanya mitungi hiyo. Asiuchome."

"Mowlid hakuutoboa."

"Basi amekosea na yeye."

Jioni daktari alitoka. Alisema Idil amelala, mate yamepungua, anapumua vizuri. Kaaha akakaa chini sakafuni. Asli alisema "Alhamdulillahi" mara moja tu, kisha akalia.

Mowlid alifika kesho yake. Asli alijifunika shela usoni.

"Dada, uso unaficha wa nini?" Mowlid alisema. "Mimi ndiye niliyeutupa mzima mzima penye ua. Na ungeniuliza ningekucheka, wallahi. Ningekucheka, halafu ningekukataza."

Idil alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa. Mtungi Ruweyda aliutoboa kwa msumari, akaupeleka kwa afisa wa kilimo. Mowlid alijenga kabati lenye kufuli shambani, na vibarua wake wanatoboa kila mtungi unaokwisha. Asli bado anafukiza vyombo vyake, lakini ananunua vipya sokoni, na akiletewa chombo cha bure anauliza kilikuwa na nini. Kaaha sasa anamjibu mama yake anapoona hatari, na mama yake humkasirikia, kisha humsikiliza.

Idil ameanza shule. Maziwa hataki tena. Anakunywa chai ya rangi, na kabla ya kunywa anakinusa kikombe.