Macho ya Fedha kwa Uzi wa Buluu

Mkono uliingia kikapuni mwa bibi kizee, ukatoka, ukaingia tena. Thekla aliuona vizuri kutoka nyuma ya meza yake ya samaki, pale kwenye gulio la mtaa wa Nikea, watu wakisukumana na kupiga kelele za bei. Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, amevaa koti la ngozi la kuazima, mikono ya koti mifupi kama ya mtoto. Pochi alikwisha kuichomoa. Halafu, jamani, akairudisha!

"Wee mwizi gani?" Thekla akaangua kicheko. "Unaiba kinyumenyume?"

"Punguza sauti, dada. Binamu yangu Vangelis ananitazama pale."

"Ndiye anayekutuma?"

"Ndiye anayenilisha."

Thekla akakata limau, akampa nusu. "Sugua mikono. Umeshika meza yangu, utanuka hadi Pasaka."

Jina lake Stamatis. Kuanzia siku hiyo simu haikunyamaza.

"Umekula, mboni yangu?"

"Nimekula. Wewe umeiba?"

"Leo sijaiba."

"Basi njoo ule."

Akaapa ameacha. Thekla akamwamini, akamwingiza nyumbani kwa mama yake, ambaye ukungu ulikuwa umemfunika macho, na madaktari wamempangia kumpasua baada ya sikukuu ya Mtakatifu Paraskevi, mponya macho. Kama wanawake wote wa mtaani, Thekla alikuwa ameweka nadhiri: kibati cha fedha chenye umbo la macho mawili, maana kila mgonjwa hutundikiwa umbo la kiungo kinachomuuma, akakitundika mwenyewe kanisani kwenye picha ya mtakatifu. Hakumwambia mtu. Lilikuwa jambo lake na mtakatifu.

Jumapili moja mchana Stamatis akaja, shati jeupe limepigwa pasi, ananukia mishumaa. Akafungua leso.

"Nimemnunulia mama macho ya fedha. Twende tukayatundike kabla hajapasuliwa."

Thekla akakigeuza kile kibati. Nyuma kulikuwa na fundo la uzi wa nailoni ya buluu, ile ya kufungia samaki.

"Umenunua wapi?"

"Mjini, sokoni Monastiraki."

"Stamatis, fundo hili nililikaza kwa meno yangu."

Kijana akakaa chini kama gunia. "Vangelis alisimama mlangoni mwa kanisa, mimi nikabandua vibati. Miguu ya watoto, mioyo, matiti ya wagonjwa... Anataka kuyeyusha. Haya nikayaficha kwa ajili ya mama. Sikujua ni yako, naapa!"

"Kwa hiyo yangekuwa ya mwingine ingekuwa sawa? Umemwibia mtakatifu ili umhonge mtakatifu yuleyule!"

Kila siku Thekla alipasua matumbo ya samaki asikunje uso, lakini mkono ule uliomshika shavu jana ulimtia kichefuchefu. Akautemea. Si yale mate ya uongo ya kufukuza kijicho. Mate kweli, mazito.

"Toka."

Stamatis alipotoka, Thekla akajisugua shavu kwa limau hadi likawasha. Simu ikalia, akaikata. Ikalia tena, akaikata. Mama akauliza kutoka kitandani, "Mmegombana nini na yule mtoto?" Mwishowe Thekla akapokea simu.

"Usiniite mboni. Virudishe vibati vyote, siku ya mtakatifu, mbele ya watu."

"Watanikamata, Thekla. Na Vangelis ataniua."

"Najua." Akakata.

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali, kanisa limefurika, wanawake wamevaa nyeusi, jasho na ubani vimechanganyika. Stamatis akaingia bila koti, mdomo umepasuka, jicho limevimba, mfuko wa vibati begani ukilialia. Alikuwa amemnyang'anya Vangelis. Akaanza kutundika, kimoja kimoja. Mama mmoja akautambua mguu wa fedha aliomtundikia mwanawe, akamzaba Stamatis kofi. Hakulikwepa. Akatundika ule mguu, akaendelea. Macho yenye uzi wa buluu akayaweka mwisho.

Polisi wakampokea mlangoni kwa pingu. Thekla akawakatia njia.

"Subiri kidogo, afande." Akatoa limau mfukoni mwa gauni lake la sikukuu, akalikata, akamkamulia Stamatis viganjani hadi pingu zikalowa.

"Bado unanichukia?"

"Nakuonea kinyaa. Sugua. Na kucha pia."

"Utanisubiri?"

"Sugua kwanza!" Akamshika vidole, akamsugua mwenyewe, kimoja baada ya kingine, pua ameikunja, machozi yanamtoka. "Mama akifunguliwa bendeji nitamleta huko gerezani akutazame. Nikute mikono hii inanuka limau."