Mshiriki Namba Tatu

Adhuhuri moja, katika stendi ya mabasi ya Makambako, fimbo nyeupe iligonga kiatu cha Nahumu Luvanda.

"Kaka, wewe ni nguzo au ni mtu?"

"Ni mtu," alijibu kwa uaminifu.

"Basi sogea kama mtu!"

Nahumu hakuweza. Honi za malori zilikuwa zimemfunga miguu. Mhadhiri huyo kutoka Njombe alizaliwa na usonji. Sauti zote zilimwingia kwa pamoja, na mizaha ilimpita pembeni. Mkononi alishika fimbo aliyowabunia wasioona, iliyolia kila ilipokaribia kizuizi. Mbele yake alisimama Yudita Mwalongo, mfumaji wa masweta, asiyeona tangu utotoni, amevaa sweta jekundu na kitenge cha manjano.

Nahumu alimwomba aijaribu. Fimbo ikalia, lori nalo likapiga honi.

"Umeisikia?"

"Nimesikia lori, kaka yangu. Hii uliibuni ukiwa umejifungia peke yako, eti?"

Ilikuwa kweli. Hakuwahi kuwa na mtu wa kumwuliza.

Tangu hapo, kila Jumamosi alishuka Makambako, wakafanya kazi pamoja kando ya mashine ya kufumia. Yudita aliukataa mlio, akataka mtetemo kiganjani, mwepesi kama uzi unapovutwa. Jioni walipigiana simu.

"Profesa wangu, umekula?"

"Mimi si profesa. Nimekula."

"Na leo umenikumbuka?"

"Mara kumi na nne."

Yudita alicheka hadi akakohoa.

Mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeifunika Njombe, Nahumu aliionyesha fimbo mpya chuoni. Yudita alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni alilolishonesha kwa siku hiyo.

"Wazo la mtetemo," Nahumu alitangaza, "lilitolewa na mshiriki namba tatu."

Watu wakapiga makofi. Yudita akainuka, akatoka akipapasa viti.

"Namba tatu anaomba usimpigie tena," alisema simuni jioni ile.

"Kanuni za utafiti huficha majina ili kuwalinda..."

Simu ilikuwa imekatwa.

Majuma yakapita. Nahumu alipika ugali wa mtu mmoja, akaula akiitazama simu. Ukimya alioutafuta maisha yake yote sasa ulimuumiza masikio. Ndipo alipoelewa: alimficha Yudita bila kumwuliza kama alitaka kufichwa. Alikuwa amejifungia tena peke yake.

Akarudi Makambako. Mashine ya kufumia ilinyamaza aliposalimia. Alimpa fimbo bila maelezo. Vidole vya Yudita vilipita juu ya nukta nundu zilizochongwa kwenye mpini: *Imebuniwa na Yudita Mwalongo na Nahumu Luvanda.*

"Naomba kuuliza," alisema Nahumu. "Unataka jina lako lionekane? Ukikubali, ripoti nayo itabadilishwa."

"Swali hilo limechelewa."

"Wiki sita na siku mbili."

Yudita alirudia kusoma, polepole.

"Kwa alfabeti, wewe ndiye ungetangulia."

"Ndiyo."

"Wewe, uliyepanga hata vijiko vyangu kwa urefu?"

"Ndiyo. Imenisumbua njia nzima."

Nje lori lilipiga honi. Nahumu alitetemeka, lakini hakuziba masikio. Alikuwa akingoja jibu.

"Lionekane," alisema Yudita. Kisha akanyoosha mkono kumtafuta, akakuta hewa tupu.

"Kaka, bado wewe ni nguzo?"

Nahumu akasogea.