Marahaba ya Najat

Mama yetu hana masihara na salamu. Kwetu Mkuyuni ungeweza kuvunja sahani ukasamehewa, lakini ukimpita mtu mzima bila shikamoo, siku hiyo utalala unaugulia. Hata salaam aleikum haikumtosha. Ataitikia vizuri, kisha atakukazia macho: "Na shikamoo yangu iko wapi?" Nalieleza hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Kazi yetu ni maturubai. Mama, mimi Bushra, na mdogo wangu Najat tunashona ya malori, ya mitumbwi, na yale ya kufunikia dagaa mvua ikinyesha. Ukishakunja pindo la turubai lazima ulipige ringi, vile vitundu vya chuma vya kupitishia kamba, la sivyo kamba itachana kitambaa siku ya kwanza tu. Sisi tulipiga kwa nyundo. Kidole gumba cha mama kilikuwa kimekufa ganzi kwa kugongwa, na changu kilishaanza kufuata.

Mashine ya ringi mtaani ilikuwa moja, ya Mzee Luhende, Msukuma wa Sengerema aliyekuwa na fremu ya duka nyuma ya soko. Ni chuma kizito kilichokazwa kwa nati juu ya meza. Juu kuna kikombe cha ringi, zinateremka moja moja kwenye kijia chembamba. Unaweka pindo, unavuta mkono wa mashine, kap, ringi imeng'ata. Mzee tulimjua ni kiwete, maana hakuna aliyewahi kumwona amesimama. Alikula palepale, akasinzia palepale kitini mkono ukiwa kwenye mashine, na usiku na mchana ilisikika kap, kap, hata siku ambazo hakuwa na turubai la mtu.

Alikuwa na kituko kimoja: aliwaamkia watoto. Mzee mvi kichwa kizima anamwambia binti wa shule, "Shikamoo." Watu walicheka, wengine walikasirika. "Mzee, usinitafutie laana. Shikamoo wewe." Tulisema ni uzee. Hakuna aliyemwitikia, kwani nani anakubali kuamkiwa na babu yake?

Asubuhi moja mimi na Najat tulimpelekea turubai la hema la harusi, kubwa kiasi kwamba nyundo ingetuua. Mzee alilishika pindo kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye mashine, akalipima kwa vidole, kisha akasema amechoka na anataka kutuachia mashine.

"Kwani unakwenda wapi, mzee?" nikamuuliza.

"Nyumbani."

Nilidhani anatania. Najat alikuwa amesimama mbele ya meza, miguu yake karibu na ya mzee. Huyu mdogo wangu mdomo wake hauna mlango. Tangu utotoni hakuna neno linalompita bila kulijibu, na mama alishamwambia mara nyingi kwamba ulimi utamponza.

Mzee akamwangalia miguuni. "Shikamoo, binti."

Najat akaibana sauti kama bibi kizee. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Nilicheka. Mzee hakucheka. Aliweka mikono mezani, akasimama. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Machozi yalimtoka, akatoka nje bila hata kuchukua kofia yake.

Nilimkimbilia, nikamshika shati karibu na vibanda vya nyanya.

"Babu, wewe si huwezi kutembea?"

Hakutaka kusimama. Aliongea huku anakwenda, kwa sauti ya chini, nami namfuata kama mwenye wazimu. Alisema zamani walikuja watu kutoka ziwani na mzigo umeviringishwa kwenye turubai. Wakataka apige ringi pindo lote ili wapitishe kamba, walifunge. Yeye hakuuliza. Ringi za mwanzo zikaingia. Ndipo sauti ya binti ikatoka mle ndani, taratibu, yenye adabu: "Shikamoo, babu."

"Nami nikaitikia," alisema. "Mazoea tu. Malahaba. Mkono ukaendelea kuvuta. Nikapiga mpaka mwisho wa pindo."

"Wakampeleka wapi?"

"Ziwani. Lakini alishanishika. Neno lenyewe si ndivyo lilivyo? Nashika miguu yako. Ukiitikia umekubali." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mdogo wako naye ataachiwa. Amwamkie mtu mwingine, huyo mtu aitikie. Kwake ni rahisi, ni kijana, atakutana na wakubwa kila saa. Mimi nilikuwa nimezeeka, Bushra. Nilikosa wa kunipokea."

Akashika njia ya stendi. Nikarudi mbio.

Najat alikuwa palepale, mbele ya meza. Uso umemkauka. Hakulia.

"Dada," alinong'ona. "Kuna mtu ameshika miguu yangu."

Nikainama. Chini ya meza hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imelowa, na ngozi ya vifundo vyake ilikuwa imebonyea, pande zote mbili, mahali panapotosha vidole. Nilimkumbatia kiunoni nikavuta. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nikamwachia.

"Anabana zaidi," alisema. "Vuta hiyo. Vuta mashine."

Sikuelewa. Akaunyoosha mkono mwenyewe, akavuta. Kap. Pumzi zikamrudi. "Nikipiga, analegeza." Nikamsogezea kiti cha mzee na pindo la hema. Kap. Kap. Akiacha kidogo tu, jasho lilimtoka na vidole vya miguu vikageuka rangi. Nilitazama kikombe cha ringi. Alipiga upande mzima wa lile hema, na kikombe hakikupungua.

Nilimweleza aliyoyasema Luhende, maana ilibidi ajue. Alinisikiliza huku anapiga.

"Kwa hiyo nikikuamkia wewe, ukaitikia, natoka."

"Ndiyo."

Tulitazamana. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka mingi, shikamoo yangu ni haki yangu. Neno marahaba lilikuwa hapa, kooni. Niliogopa, jamani. Najat akaona kwamba naogopa, akageuza uso, akaendelea kupiga. Hakuniamkia. Yeye ambaye hajawahi kuziba mdomo, aliuziba kwa ajili yangu.

Adhuhuri alipita Mzee Pius, fundi viatu wa jirani. Akachungulia, akashangaa kumkuta Najat kwenye kiti cha Luhende. Akaitikia shikamoo yangu, akasimama mlangoni akingoja ya Najat. Najat aling'ata mdomo hadi damu ikatoka. Mzee Pius ana wajukuu, ana presha, na hajawahi kumkosea mtu. Alingoja. Akakohoa. Akaondoka akisema watoto wa Waislamu siku hizi nao wameharibika. Kap, ikasikika. Najat sasa alikuwa analia.

Wakaja wengine. Mama Wilhelmina wa mchele. Dereva wa lori. Kila mtu mzima aliyeweka kivuli chake mlangoni, niliona koo la Najat likipanda na kushuka. Nilifunga mlango. Ndani mkawa na joto la bati, na harufu ya ziwa, harufu ile ya tope na samaki pale maji yanapopungua. Ziwa haliko karibu kiasi hicho.

Jioni, kabla ya magharibi, mlango ukasukumwa. Mama.

"Tangu asubuhi mko huku? Hema gani hilo?"

"Salaam aleikum, mama," Najat akasema bila kuinua macho.

"Waaleikum salaam." Mama akatua kikapu. Akangoja. "Na shikamoo yangu iko wapi?"

Kap.

"Najat, nasema na wewe. Umekaa, mama yako amesimama, na huniamkii?"

"Mama, usimlazimishe," nikasema. "Twende nje nikueleze."

"Utanieleza nini? Nimewafunza nini mimi?"

"Siwezi, mama," Najat akanong'ona. Mkono wake ulikuwa umevimba, haukuweza tena kuvuta. Akajaribu. Ukaanguka pajani. Nikaona miguu yake inajikaza. Nikasikia mfupa ukilia. Akafungua mdomo, nikajua anakwenda kupiga kelele au kuamkia, na sijui kati ya hivyo viwili ni kipi kilichonitisha zaidi. Nikadaka mkono wa mashine nivute badala yake. Ulikuwa mzito kama umechomelewa. Haukusogea.

Nikamwambia mama yote. Kwa haraka, kwa kukatakata. Mzee. Mzigo. Binti. Salamu.

Mama hakuniambia naota. Alimtazama Najat, akatazama ile sakafu. Akapiga magoti polepole, kama anavyopiga mtu wa umri wake, akainamisha kichwa chini ya meza.

"Aliamkia akiwa ndani ya turubai?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na hawakumfungulia."

"Hapana."

Ndipo tukaisikia. Sote watatu. Ilitoka chini, ndogo, kama mtu anayesema na kitambaa usoni.

"Shikamoo, mama."

"Mama, usi…" Najat alisema.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia.

Najat alianguka kando kama gunia lililokatwa kamba. Miguu ilikuwa huru. Mama akajiinua, akakaa kwenye kiti, akajifunga ushungi vizuri, akashika mkono wa mashine. Ulisogea kwake bila shida.

"Nendeni nyumbani," alisema. "Mleteeni mama yenu chakula."

Hatukwenda. Tulijaribu kila kitu. Shehe alisoma hadi sauti ikamkauka. Ndugu yake Mzee Pius alikuja na maji ya baraka. Fundi alianza kufungua nati za mashine, mama akazimia kwa maumivu kabla ya nati ya kwanza kulegea. Tulivuka hadi Sengerema kumtafuta Luhende. Tulimkuta anatembea. Wenyeji wanasema hakai tena, hata ugali anakula akizunguka ua, na ukimwita kwa salamu anaziba masikio.

Sasa ni msimu wa pili wa mvua mama yuko pale. Tunampelekea uji asubuhi na chakula jioni, mimi na Najat kwa zamu. Tunamwamkia, anatuitikia, haina madhara. Yeye ndiye aliyeshikwa. Wa kumpokea ni mtu atakayekubali salamu yake, na wakubwa wake wako kaburini, au wameshasikia habari na hawapiti tena pale. Mwanzoni alikuwa anatutania, anasema afadhali kidole gumba kimepumzika na nyundo. Siku hizi hatanii. Anapiga ringi kwenye vipande vya turubai visivyo vya mtu. Jana niliona hana kitambaa kabisa, anapiga hewa.

Leo asubuhi nilikuwa zamu. Niliweka bakuli mezani, nikamwamkia, akaitikia. Nikageuka kuondoka.

"Bushra," aliniita.

Nikageuka. Macho yake yalikuwa miguuni kwangu.

"Shikamoo, mwanangu."

Ilikuwa sauti yake. Nawaapieni, si ya mtu mwingine. Ilikuwa sauti ya mama yangu aliyenizaa, imechoka. Mara akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yakamtoka, akatikisa kichwa, akanionyesha mlango. Mashine iliacha kulia. Nilimwona anavyojikunja kwa maumivu, na bado hakuondoa viganja mdomoni.

Nilitoka bila kuitikia. Nimemwacha mama yangu na salamu yake mkononi.

Nje kulikuwa na jua kali, na vumbi njia nzima. Nilipovua viatu nyumbani, soksi zangu zilikuwa chapachapa. Nimezianika uani tangu saa hizo, na hadi naandika haya bado zinadondosha maji.

Najat yuko jikoni, anakoroga unga. Sijamwambia kitu. Ameniuliza mama ameamkaje, nimemjibu hajambo. Kesho ni zamu yake kupeleka uji, na mimi namjua mdogo wangu. Huyo ataitikia.